Vinundu kwenye Miche ya Mama Eli

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nami nikasema nimechoka. Nikala pilau, nikapokea khanga na saa ya ukutani, nikaenda zangu nyumbani. Sikuwadharau. Nilikuwa nimechoka kweli, na hata leo nimechoka. Nimechuchumaa kati ya viriba vya miche miaka thelathini na mbili na magoti bado hayajapata habari kwamba nimestaafu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba wengi wenu mnanijua kwa ukali tu. Yule mama anayegeuza kila jani. Yule asiyeruhusu hata trei moja itoke getini mpaka watu wawili waikague. Mlikuwa mnaniita Mama Uhamiaji, msidhani sikusikia. Basi nawaandikia ukali huo ulikotoka. Mambo ya vyeo sitayagusa, yapo kwenye faili kwa anayeyataka.

Nilifika Dar es Salaam kutoka Masasi nikiwa na cheti cha misitu ndani ya bahasha ya kaki. Nilidhani nitapangiwa msitu. Nikapangiwa kiwanja nyuma ya ofisi, upande wa Jangwani, ukuta mmoja tumepakana na gereji na ukuta wa pili tumepakana na stoo ya vyombo vya plastiki ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Mti mkubwa kuliko yote mle ndani ulinifika kiunoni. Kazi ilikuwa kuotesha miche ya kupelekwa mashuleni, kandokando ya barabara, na kwa watu wenye mashamba ya miti huko Kibaha na Mkuranga.

Aliyenipokea ni Mzee Chilumba, mkuu wa kitalu, mwenyeji wa Newala, mwembamba, bahili wa maneno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupuliza dawa au umekuja kuangalia?"

Chuoni tulifundishwa bomba la dawa muhula mzima, kwa hiyo nikajibu kwa kujiamini, "Kupuliza."

"Basi bomba hutaligusa mwaka huu. Nenda Kariakoo ukaniletee sabuni ya mche na dumu la mafuta ya kula, la njano, tupu."

Nilikwenda nikinung'unika kimoyomoyo. Nilidhani natumwa vitu vya nyumbani kwake, mimi mwenye cheti. Niliporudi, akalikata lile dumu vipande vya ukubwa wa daftari, akaenda gereji kuomba grisi, akavipaka, akavitundika kwenye vijiti juu ya miche. Wadudu wadogo wanaoruka wanapenda rangi ya njano. Wakitua kwenye grisi hawabanduki. Siku ya tatu alinikalisha mbele ya kila kipande nihesabu. Sabuni tuliiyeyusha kwenye maji tukawanyunyizia wadudu mafuta waliokuwa kwenye ncha za mitiki. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini: sabuni, grisi na kuhesabu inzi.

Kila asubuhi kabla jua halijawa kali tulipita kwenye matuta. Kila kiriba cha kumi unakiinua. Unageuza jani la chini, unageuza la juu, unabinya shina kwa vidole, unatazama udongo. Ulichokiona unaandika kwenye daftari, hata kama hukuona kitu unaandika kwamba hukuona kitu. Mnaijua kazi hii, mnaifanya, na najua inachosha. Ilinichosha mimi kwanza.

Mwezi wa pili miche ya mikangazi ilianza kukatwa chini kabisa, kama kwa mkasi. Nikamshuku mlinzi. Nilimwambia mbele za watu kwamba anaacha watoto wa gereji waruke ukuta. Mzee Chilumba alinichukua mpaka kwenye mche uliokatwa asubuhi ileile, akaniambia niingize kidole kwenye udongo. Nikatoa funza mnene wa kijivu, amejikunja. Sota. Usiku anakata, mchana analala pembeni ya alichokikata.

"Mlinzi wako huyo hapo," alisema. "Sasa kamwombe radhi yule mwingine."

Nilikwenda. Mlinzi alicheka sana, na kwa miaka aliyobaki pale aliniita Sota.

Siku moja nilimuuliza Mzee kwa nini hagusi bomba. Alinyoosha mikono mbele yangu. Ilikuwa ikitetemeka, kidogo tu, kama mtu mwenye baridi.

"Nilipuliza miaka kumi bila hata kitambaa usoni. Shati linalowa, nalivaa mpaka jioni. Wadudu walirudi kila mwaka, Sofia. Mikono haikurudi."

Sikumuuliza tena.

Lenzi ya ofisi ya kukuzia wadudu ilikuwa moja, na ilipovunjika tuliambiwa tusubiri nyingine. Kama nisingehangaika mwenyewe ningekuwa naisubiri hadi leo. Nilikwenda kwa fundi saa mmoja Mtaa wa Kongo, nikamwomba aniuzie ile lenzi yake ya kubana jichoni.

"Unataka kujifunza saa, dada?"

"Nataka kuangalia majani."

"Jani lako linachelewa?"

Alinipa. Ndiyo ile mliyoniona nayo, imenichimba kishimo chini ya jicho la kulia.

Mzee Chilumba alistaafu akarudi Newala, kitalu kikabaki mikononi mwangu. Pamoja na kitalu nikapewa kazi ya kuwazungukia wauza miche wa kando ya bonde la Msimbazi, kuangalia afya ya miche yao na kuwashauri. Walikuwa sita. Aliyekuwa na miche mizuri kuliko wote ni Mama Eli, mwanamke wa Kilimanjaro, mjane, wa umri wangu au kunizidi kidogo. Alikuja mjini na mumewe, na mumewe alipofariki aliotesha michungwa kwenye makopo mbele ya chumba alichopanga mpaka makopo yakazidi chumba. Alikuwa anajua miche. Ungemkuta ameinama anaiongelesha, na ukimkaribia anaacha, anaona haya.

Mwaka mmoja alipata oda ya mikaratusi kutoka kwa watu wa shamba la miti ya nguzo. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mbegu zake hazikuota vizuri, akaja kitaluni kwetu. Nilikuwa na trei za ziada ambazo zingetupwa mvua zikiisha, nikampa nne.

"Bi Sofia, hizi nitazitunza kama watoto," alisema.

Alizitunza. Baada ya miezi miwili nikapita kwenye mzunguko wangu. Ilikuwa Jumamosi, wateja wamejaa, na wale wa shamba la nguzo wenyewe walikuwa wamekuja na gari kuchukua fungu la kwanza. Nikageuza jani. Mshipa wa katikati ulikuwa umevimba vinundu, vingine vya kijani, vingine vya waridi. Nikabana lenzi. Vinundu vingine vilikuwa na matundu, kama vimetobolewa kwa sindano.

Nilikuwa nimesoma habari za kinyigu kinachovimbisha mishipa hivi, lakini jijini nilikuwa sijakiona. Ni kidogo kuliko nukta. Kinataga kwenye mshipa wa jani changa la mkaratusi, funza wake anakaa ndani ya kinundu, dawa haimfikii. Mche unajikunja, unadumaa. Ukiupanda shambani unaambukiza shamba zima. Hakuna la kufanya ila kuchoma.

Hilo nilikuwa na haki ya kulisema. Namna nilivyolisema ndiyo sikuwa na haki nayo. Nilisimama katikati ya wateja wake nikapaza sauti, "Hakuna anayechukua mche hapa! Miche ya mama huyu ina ugonjwa. Yote ichomwe!"

Wale wenye gari wakashusha trei walizokuwa wameshapakia. Mama Eli alinishika mkono.

"Bi Sofia, twende pembeni tuongee."

"Hakuna pembeni, Mama Eli. Umeipata wapi mbegu? Umechanganya na miche ya nani?"

"Mbegu gani tena? Sehemu kubwa ni ile uliyonipa wewe."

"Yangu ilitoka mizima," nilisema, kwa sauti ileile, watu wote wanasikia.

Alichoma. Alichoma mwenyewe, trei baada ya trei, nami nimesimama namwangalia kuhakikisha. Mikaratusi mibichi inatoa moshi mzito wenye harufu ya dawa ya kifua, unaingia kwenye nguo. Oda ikafa. Wateja wa michungwa nao wakapotea, maana mtu akishasikia ugonjwa haulizi ni wa mti gani. Baada ya wiki kama sita nilipita nikakuta sehemu yake kuna mtu anauza mkaa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nilikuwa naandika ripoti, nikafungua daftari letu kutafuta kitu kingine kabisa. Nikakutana na mwandiko wangu. Mikaratusi, tuta la mwisho: "Mishipa ya majani imevimba kidogo. Nadhani ni joto." Nilitazama tarehe. Wiki tatu kabla ya siku niliyompa Mama Eli zile trei.

Nilikaa na lile daftari nadhani saa nzima. Fundi wa gereji alikuwa anagonga bodi ya gari upande wa pili wa ukuta, na kila akigonga nashtuka. Kisha nikaenda mwisho wa kitalu, kona ya ukutani tulikokuwa tumesukumia masalia ya tuta lile, miche iliyodumaa ambayo hakuna aliyeitaka. Nikageuza jani moja tu. Vinundu, na matundu.

Kwa hiyo kinyigu kilitoka kwangu. Nilikiona, nikakiandika, nikakipa jina la joto, nikakikabidhi kwa mkono wangu kwa mwanamke aliyeniahidi kukitunza kama watoto.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka mbio nikamtafute. Sikutoka. Nilimweleza mkubwa wangu wa wakati ule, naye akasema, "Bi Sofia, hayo yamepita. Mama mwenyewe ameshaacha biashara. Ukiyafufua utatuchafulia kitalu." Aliponiambia hivyo nilihisi nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonichosha zaidi kila nikiikumbuka. Jumamosi moja ofisi ikiwa tupu nilichoma ile miche ya konani peke yangu, nikafagia majivu, nikanyamaza.

Nilinyamaza miezi minane. Wakati huo kila nikipita kwa wauza miche wa bondeni nakuta hawana mikaratusi. "Tumeacha kuuza hiyo, mama," waliniambia wote, wamesimama wameniziba njia ya kwenda nyuma. Nikaamini. Nikaandika kwenye ripoti kwamba tatizo limekwisha.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Kariakoo kutafuta madumu ya njano. Mtaa wa Kongo, kwenye ule msongamano, nikasikia, "Karibu mteja, beseni za kila saizi, karibu," nikaijua sauti kabla sijageuka. Mama Eli alikuwa amekaa kwenye kigoda, mabeseni yamepangwa mbele yake juu ya turubai. Alikuwa amekonda. Alipoona ni mimi alianza kuyafuta mabeseni vumbi.

"Za saa hizi, Mama Eli."

"Nzuri."

"Biashara inakwendaje?"

"Nilikuwa najua miche. Mabeseni siyajui, nauza tu. Unataka beseni?"

Nikachuchumaa. Nilimwambia yote, kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake: daftari, joto, tarehe, miche ya kona. Watu wanaturuka miguu, msukuma mkokoteni anatupigia kelele tupishe. Yeye anaendelea kufuta beseni lilelile.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, hadi akafika wa kumi na moja. Akavitazama vidole vyake.

"Siku ile uliniambia kwa sauti gani?"

Nikayatazama mabeseni.

"Nakuuliza, Bi Sofia. Ulisema kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Na leo mbona unaninong'oneza?"

Nilimwambia samahani. Nilimwambia naweza kumpa miche aanze tena, mikangazi, michungwa, chochote anachotaka.

"Miche yako siitaki. Kaseme kulekule ulikosema. Kwa sauti ileile. Mimi nitakuja kusikiliza."

"Lini?"

"Sasa hivi. Au una miezi mingine minane?"

Akamwachia jirani yake mabeseni, akajifunga khanga vizuri, akatangulia. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka Mtaa wa Msimbazi. Jua lilikuwa la saa nane. Nilikuwa na madumu mawili matupu mkononi na sikuwa na akili ya kuyaweka popote.

Wauza miche walipotuona tunakuja pamoja walisimama. Walikuwa watano na wateja wawili watatu. Nikaanza kwa sauti ya chini. Mama Eli alisimama mbali kidogo, amekunja mikono.

"Hatusikii," alisema.

Nikapaza. Nikasema miche ya Mama Eli haikuwa na kosa. Ugonjwa ulitoka kwenye kitalu chetu, mimi ndiye niliyeuona na kuupuuza, mimi ndiye niliyempa. Nikasema nilijua tangu mwezi wa tatu nikanyamaza. Nikasema nilimsema uongo mbele za watu, ingawa siku ile sikujua ni uongo. Nilikuwa nalia, lakini hilo halikumvutia mtu. Mteja mmoja aliuliza bei ya mlimao nikiwa katikati.

Nilipomaliza, Mama Eli alikunjua mikono.

"Haya. Nimesikia, na wao wamesikia," alisema. "Rudi kazini kwako."

Akaondoka kurudi kwenye mabeseni yake. Hakurudi kwenye miche tena, na sisi hatukuwa marafiki. Tulisalimiana tukikutana, basi.

Mimi niliokota madumu yangu niondoke, nikasikia naitwa. Ni Athumani, mwenyeji wa Lindi aliyekuwa na sehemu ya mwisho, mtu mzima mwenye familia, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa hanitazami usoni.

"Mama, shikamoo. Hebu njoo huku nyuma."

Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na turubai bovu. Akalifunua. Chini yake kulikuwa na mikaratusi, mingi, imejikunja majani, vinundu vimejaa mpaka kwenye shina.

"Tulikuwa tunakuficha," alisema. "Baada ya vile ulivyomfanya Mama Eli, nani angekuonyesha?"

Yule aliyekuwa pembeni yake akaenda kibandani kwake akarudi na trei mbili. Mwingine akasema yake iko nyumbani, ataileta kesho. Wakati mimi naandika kwamba tatizo limekwisha, wote watano walikuwa nayo, na kila wiki walikuwa wanauza.

Tulichoma siku tatu. Nilianza na mikaratusi yote ya kitalu chetu, hata iliyoonekana mizima, tukaisomba kwa mkokoteni hadi bondeni ili waione ikiungua ya kwanza. Walioteketeza yao niliwafidia kwa miche ya aina nyingine kutoka kitaluni. Kwa hilo nikapewa barua ya onyo, kutoa miche bila kibali. Ilikuwa ya haki. Iliyoshakwenda mashambani hatukuweza kuifuata yote; niliwatafuta wanunuzi niliowapata, wengine walinisikiliza, wengine walinifukuza. Kuna mashamba huko Mkuranga mpaka leo siwezi kuyapita bila kugeuza uso.

Kuanzia hapo ndipo likaja sharti la watu wawili getini, na lile la kusoma daftari kwa sauti kila Jumatatu, ambalo mnalichukia. Miaka iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Mafuriko yalituingilia, tukaokoa tulichoweza. Inzi weupe walikuja, wakaenda, wakarudi. Macho yalipungua. Nilianza kuwaomba nyinyi mnisomee yale niliyokuwa nawafundisha kuyaona.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mwenzenu Rehema aliingia ofisini akafunga mlango. Wengine hamkujua habari hii, na yeye amenikubalia niiandike. Alikuwa ameshika jani la mkaratusi kwenye karatasi.

"Bi Sofia, nimekosea. Nililiona Ijumaa iliyopita nikadhani ni jua. Leo nimerudi kuangalia. Ni vinundu."

Alikuwa amejiandaa kusemwa, nadhani usiku kucha alikuwa anajiandaa. Nami nilikuwa na siku nne tu za kazi, miguu imevimba, na chai yangu ilikuwa mezani haijaguswa.

"Tangu Ijumaa umewapa nani?" nikamuuliza.

Akataja majina matatu. Mmoja Upanga, wawili bondeni.

"Chukua daftari," nikamwambia, "tukawaambie."

Tukatoka, tukasimamisha bajaji.